Jua la Julai: Safari ya Siku Moja Kutoka Nairobi Wakati wa Baridi

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wa Nairobi huuliza swali lilelile: mji ulio karibu hivi na ikweta unapataje baridi ya kuvaa koti mchana? Ikifika Jumamosi, swali la pili hufuata: je, katika hali hii inafaa kutoka nje ya mji, au ni heri kukaa ndani na chai?

Maswali haya mawili yana jibu moja. Baridi ya mchana jijini ni kazi ya wingu, na wingu hilo lina mpaka. Anayejua mpaka huo ulipo anaweza kuondoka Nairobi kwenye manyunyu ya asubuhi, akala chakula cha mchana juani, na akarudi nyumbani kabla ya giza. Sura hii inaeleza kwanza baridi hiyo inavyotokea, kisha inafuata njia mbili za kutoka chini ya wingu: ya kaskazini-magharibi inayopitia Limuru hadi Longonot na Naivasha, na ya kusini-magharibi inayopitia Kona Baridi hadi Magadi.

## Baridi inatoka wapi

Wengi hudhani kwamba Julai jua huwa limekwenda mbali. Hesabu haikubaliani na dhana hiyo. Katikati ya Julai, saa za adhuhuri, jua juu ya Nairobi hufika takriban nyuzi 67 kutoka upeo wa macho. Katikati ya Januari, mwezi wa joto, hufika takriban nyuzi 70. Tofauti ni nyuzi 3 tu. Urefu wa mchana nao haubadiliki sana, kwa kuwa mwaka mzima huwa takriban saa 12. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Julai Dunia huwa mbali zaidi na jua kuliko Januari, lakini umbali huo huongezeka kwa asilimia 3 pekee.

Sababu kubwa iko baharini. Wakati huo kizio cha kusini cha dunia, yaani nusu iliyo chini ya ikweta, kiko katika majira yake ya baridi. Juu ya sehemu ya kusini ya Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, hujengeka eneo la kanieneo kubwa. Kanieneo ni uzito wa hewa inayogandamiza uso wa dunia. Hewa hutoka mahali palipo na kanieneo kubwa kwenda palipo na ndogo. Basi hewa hiyo ya baridi husukumwa kuelekea kaskazini, hujaa unyevu ikipita juu ya bahari, na huingia Afrika Mashariki kutoka kusini-mashariki. Watu wa pwani huuita upepo huo kusi, na majira yake ya ubaridi huyaita kipupwe.

Kutoka pwani hadi Nairobi ardhi hupanda polepole mpaka takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayopanda hupanuka na kupoa, na mvuke uliomo hugeuka kuwa matone madogo: wingu. Kwa kawaida wingu lingeendelea kukua hadi kuleta mvua kubwa. Julai haliwezi, kwa sababu juu yake kuna tabaka la hewa yenye joto zaidi linalolizuia kupanda. Hubaki chini, la kijivu, limetandazwa juu ya mji kama blanketi, likitoa manyunyu mepesi. Ndiyo maana Julai ni miongoni mwa miezi yenye mvua kidogo Nairobi ingawa anga hufunga siku nzima. Abiria wa ndege hulishuhudia jambo hili: dakika chache baada ya kupaa kutoka Embakasi katika asubuhi ya kijivu, ndege hutokeza juu ya wingu na jua huingia madirishani.

### Kwa nini mchana ndio unaoumia

Wingu hufanya kazi mbili. Mchana huzuia miale ya jua, na usiku huzuia joto la ardhi lisipotee angani. Kwa hiyo mchana wa Julai Nairobi hufika nyuzijoto 22 hivi, nyuzi 3 au zaidi chini ya mchana wa Januari, ilhali usiku wa miezi hiyo miwili haupishani sana. Usiku wa Januari usio na wingu unaweza kuwa mkali kwa mkulima kuliko ule wa Julai: ni katika usiku wa anga wazi, hasa miezi ya kiangazi cha mwanzo wa mwaka, ambapo sakitu, yaani chembe za barafu zinazoganda juu ya majani, huunguza viazi na majani chai katika nyanda za juu.

Nyumba za Nairobi huongeza taabu. Nyingi ni za mawe na saruji, sakafu zake ni za vigae, na hazina vifaa vya kupasha joto. Jua lisipozipiga kwa siku kadhaa, kuta hupoa na ndani huweza kuwa na baridi kuliko barazani.

Kwa ufupi: jua la Julai liko juu na mchana ni mrefu. Kinachokosekana ni anga wazi, kwa hiyo dawa ya msafiri ni kutoka chini ya wingu.

## Wingu linaishia wapi

Magharibi mwa Nairobi ardhi huendelea kupanda mpaka ukingo wa Bonde la Ufa, kisha huporomoka ghafla. Hewa ya kusi ikifika ukingoni nayo huteremka. Hewa inayoteremka hugandamizwa na kupata joto, na matone ya wingu hugeuka tena kuwa mvuke usioonekana. Wingu huyeyuka palepale juu ya bonde. Siku nyingi za Julai mtu akisimama ukingoni huliona likimwagika kutoka nyuma yake na kutoweka mbele ya macho yake, huku sakafu ya bonde ikiwa na mabaka ya jua.

Tabia hii ya ukuta wa bonde huonekana hata kwenye hesabu ya mvua ya mwaka. Limuru, iliyo upande wa mashariki unaopigwa na upepo, hupata zaidi ya milimita 1,000. Naivasha, iliyo bondeni nyuma ya ukuta huo, hupata takriban 650.

Kanuni ya pili ni ya kimo. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7, na akishuka huongezeka kwa kiasi hichohicho. Kanuni hizi mbili, ya ukuta na ya kimo, ndizo zinazopanga safari zote za siku moja katika majira haya.

## Njia ya kwanza: Limuru, Longonot na Naivasha

### Limuru na Tigoni: kuingia ndani ya wingu

Kutoka katikati ya jiji hadi Limuru ni takriban kilomita 30, na barabara hupanda hadi zaidi ya mita 2,200. Kwa kimo hicho joto hushuka nyuzi 3 au 4 zaidi, na wingu lililokuwa juu ya paa mjini sasa liko barabarani na jina lake ni ukungu.

Baridi hii ndiyo iliyoleta chai. Mche wa kwanza wa chai nchini Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903, na hadi leo vilima vya Tigoni vimefunikwa na mashamba yaliyokatwa kwa usawa kama meza. Mchumaji huchukua majani mawili na chipukizi lake. Julai baridi na uhaba wa jua hupunguza kasi ya machipukizi, kwa hiyo mavuno huwa madogo kuliko baada ya mvua. Baadhi ya mashamba hupokea wageni na kuwaeleza safari ya jani hadi kikombeni. Ni vyema kuweka nafasi mapema. Jirani na hapo, katika kituo cha Brackenhurst, msitu wa miti ya asili umekuwa ukirejeshwa tangu mwaka 2000 mahali palipokuwa na miti ya kigeni, na vijia vyake vinafaa kwa matembezi ya asubuhi.

### Ukingoni na chini ya ukuta

Karibu na Limuru, eneo la Rironi, barabara hugawanyika. Ya juu huendelea kwenye nyanda za Kinale mpaka Naivasha. Ya chini huteremka ukuta wa bonde hadi Mai Mahiu. Mpango mzuri ni kwenda kwa ya chini na kurudi kwa ya juu.

Kwenye mteremko kuna vituo vya kutazama bonde, vyenye vibanda vinavyouza kofia na vitambaa vya ngozi ya kondoo. Bidhaa hizo zimezoeleka hapo kwa sababu ya ubaridi wa ukingo. Mbele kunaonekana mlima Longonot. Wajenzi wa reli walikutana na ukuta huuhuu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, lakini kuteremka bondeni kulitaka ubunifu: kabla ya njia ya kudumu kukamilika mwaka 1901, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma kwenye miteremko mikali. Barabara ya Mai Mahiu nayo ilijengwa na wafungwa wa vita Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 walijenga pia kanisa dogo kando yake, ambalo bado limesimama chini ya mteremko.

### Longonot na Naivasha: upande wa jua

Longonot ni volkano yenye kilele cha mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la mdomo wa volkano, ni kilomita 3.1, na kuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Mpandaji mzoefu humaliza yote kwa saa nne au tano. Asiye na mazoezi anaweza kufika ukingoni na kurudi, na bado akaona msitu ulioota ndani ya kreta. Njia ni ya vumbi la majivu na haina kivuli. Julai ni mwezi mzuri wa kuipanda kwa sababu jua halina ukali wa Januari, lakini miale ya mwinuko huo huchoma ngozi hata hewa ikiwa baridi.

Asiyetaka kupanda aendelee hadi Naivasha, takriban kilomita 90 kutoka Nairobi. Ziwa hili ni la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na liko juu kuliko maziwa mengine ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Viboko ni wengi. Kila anayepanda boti avae jaketi la kujiokolea, na asikae kwenye magugu ya ukingoni giza linapoanza kuingia. Kusini mwa ziwa iko hifadhi ya Hell's Gate, ambako wageni huruhusiwa kutembea kwa miguu au baiskeli miongoni mwa pundamilia na twiga. Korongo lake linaweza kujaa maji ghafla kutokana na mvua iliyonyesha mbali, kwa hiyo neno la askari wa hifadhi halina mjadala.

### Kurudi kwa barabara ya juu

Njia ya juu hupitia Kinale, zaidi ya mita 2,400. Baridi ya hapa ni ya viazi, kabichi, karoti na minji, na kando ya barabara, maarufu kwa jina la Soko Mjinga, mboga huuzwa kwa mafungu na magunia. Wasafiri wengi hujaza buti la gari hapo kabla ya kuingia mjini.

Kwa ufupi: njia ya kwanza humpa msafiri hali tatu za hewa kwa siku moja: wingu la Nairobi, ukungu wa Limuru na jua la bondeni.

## Njia ya pili: Kona Baridi hadi Magadi

Njia hii ina vivutio vichache na joto jingi. Barabara hutoka Nairobi kupitia Ongata Rongai na Kiserian, mji unaosifika kwa mbuzi wa kuchoma, kisha hupanda bega la kusini la vilima vya Ngong mpaka Kona Baridi. Upepo wa hapo ni ule unaozungusha mitambo ya umeme juu ya vilima. Baada ya kona hiyo barabara huanza kuteremka na haikomi mpaka Magadi, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Nairobi huo ni mteremko wa mita 1,100, ambao kwa kanuni ya kimo huongeza nyuzi 7 hivi hata kabla ya kuhesabu jua lenyewe. Makoti huvuliwa njiani.

Katikati ya safari kuna Olorgesailie, eneo la kale lililo chini ya Makumbusho ya Taifa. Katika miaka ya 1940 Louis na Mary Leakey walikuta hapo shoka za mawe zilizotapakaa ardhini, kazi ya mikono ya watu walioishi mamia ya maelfu ya miaka iliyopita kando ya ziwa lililokauka. Wageni huzitazama zikiwa palepale zilipopatikana, wakipita kwenye daraja la mbao.

Ziwa Magadi lenyewe ni la chumvichumvi. Maji huingia kutoka chemchemi za moto, hukaushwa na jua, na huacha gamba jeupe na la waridi la magadi, yaleyale yanayotumika jikoni kulainisha mahindi na maharage. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na tawi la reli likafika mwaka 1915. Heroe hula kwenye madimbwi yasiyokauka. Maduka na vituo vya mafuta ni vichache baada ya Kiserian, hivyo gari lijazwe na maji ya kunywa yabebwe kutoka mjini.

## Njia ipi imfae nani

- Familia yenye watoto wadogo: Tigoni na Naivasha, umbali ni wa wastani na vituo vya kupumzikia ni vingi.
- Wapenda mazoezi: Longonot, wakifika langoni kabla ya saa 4 asubuhi.
- Wazee na wenye kusumbuliwa na baridi: Magadi, kwa kuwa joto lake halitegemei sana anga.
- Wanaosafiri kwa matatu: Limuru, Naivasha au Longonot. Matatu za Naivasha zinazopitia Mai Mahiu huteremsha abiria karibu na Longonot, na bodaboda humalizia hadi langoni.
- Wenye nusu siku tu: Limuru na kituo cha kutazama bonde.

## Saa za safari

Julai jua huchomoza Nairobi kama saa 12:35 asubuhi na kutua karibu saa 12:35 jioni. Ratiba ya njia ya kwanza inaweza kupangwa hivi:

1. Saa 12:30 asubuhi: kuondoka mjini.
2. Saa 1:30 hadi 3:00: chai na matembezi mafupi Tigoni.
3. Saa 3:45: kituo cha kutazama bonde, kisha kanisa la Mai Mahiu.
4. Saa 4:30 hadi 8:00 mchana: Longonot mpaka ukingo wa kreta na kurudi, au moja kwa moja Naivasha.
5. Saa 8:30: chakula cha mchana.
6. Saa 9:30 alasiri: kuanza kurudi kwa barabara ya juu.
7. Saa 10:30: mboga za Kinale, na kuondoka hapo kabla ya saa 11.

Siku ya Jumapili msongamano wa magari yanayorudi jijini huanza alasiri. Jumamosi ni nafuu kwa mwenye uchaguzi.

## Mavazi na mzigo

Kosa la kawaida ni koti moja zito. Mtu huganda Limuru akiwa hajalivaa vizuri, kisha Longonot hana pa kuliweka. Nguo za tabaka tatu hufaa zaidi: fulana ndani, sweta katikati, na jaketi jepesi lisilopitisha maji juu. Mzigo uliobaki ni mdogo:

- marvin au kofia ya sufi kwa asubuhi, na kofia pana kwa mchana;
- viatu vyenye soli isiyoteleza;
- lita 2 za maji kwa kila mpanda mlima;
- mafuta ya kukinga jua;
- soksi za akiba;
- simu yenye chaji, kwa kuwa hifadhi za Shirika la Wanyamapori hulipiwa kwa mtandao kupitia eCitizen.

## Ukungu barabarani

Hatari kubwa ya safari ya Julai iko kwenye barabara ya juu, kati ya Limuru na Kinungi. Ukungu wa hapo hushuka usiku, alfajiri na jioni, na huweza kufunika lori lililo hatua chache mbele. Dereva apunguze mwendo mapema, aongeze nafasi kati yake na gari la mbele, na atumie taa za chini au taa za ukungu. Taa kali hazisaidii, kwa sababu matone ya ukungu huurudisha mwanga machoni pake mwenyewe. Kulipita gari jingine ukunguni ni kubahatisha maisha. Ukungu ukizidi, aache barabara kabisa na kusubiri kwenye kituo cha mafuta, kwani gari lililosimama ukingoni mwa lami bila kuonekana ni mtego kwa wengine. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu, gia ndogo hulinda breki zisipate moto.

## Muhtasari wa sura

- Baridi ya mchana Nairobi kati ya Juni na Agosti hutokana hasa na wingu la chini linaloletwa na upepo wa kusi.
- Wingu hilo huyeyuka linapoteremka ukuta wa Bonde la Ufa, ingawa zipo siku linapofunika bonde pia. Anayetazama utabiri wa Naivasha au Magadi, badala ya ule wa Nairobi, hapotezi siku.
- Njia ya Limuru na Naivasha ina mengi ya kuona. Njia ya Magadi ina uhakika mkubwa zaidi wa joto.
- Kuondoka mapema na kuvuka Kinale kabla ya saa 11 jioni huondoa sehemu kubwa ya hatari ya safari hii.